Kuingia kwa Jina la Mkwe

Saa tisa na dakika ishirini alasiri ya Jumatano niliingia kwenye kompyuta ya kikundi kwa jina la mke wa mwanangu, na sikutoka. Nilidhani nimetoka. Kwa sababu ya kudhani huko, mtu alikaribia kufukuzwa kazi, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kompyuta yenyewe iko kwenye ghala la kikundi chetu cha wakulima wa parachichi, hapa Matwebe. Ni kuukuu, niliinunulia diski nyingine Mbeya na kuiwekea mfumo wa bure ambao huku watu wachache wanaujua. Mimi si msomi wa mambo hayo. Niliishia darasa la saba, nikakaa miaka mingi kwenye mizani ya kiwanda cha chai, na mengine nimejifundisha mwenyewe, kamusi ya Kiingereza mkono mmoja na kitabu cha maelekezo mkono wa pili. Jambo nikilisoma hulijaribu mara mbili kabla ya kuliamini. Pale kikundini nilikuwa na sifa hiyo: fundi hasemi kitu ambacho hajakipima. Nilipenda kuisikia.

Karani wa kikundi ni mke wa mwanangu wa kwanza. Mwanangu anaendesha mitambo ya barabara mkoa mwingine na hurudi Krismasi. Mkewe amebaki hapa na watoto wawili, na ule mshahara mdogo wa ukarani ni wake mwenyewe, hauombi kwa mtu. Alinunua nao godoro, akalipia bima ya afya ya watoto. Mke wangu aliniambia siku moja kwamba binti huyo tangu apate kazi hiyo anatembea akiwa ameinua kichwa. Mimi sikuwa nimeona, kwa kuwa mimi simwoni akitembea.

Hilo lahitaji maelezo. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamkaribii baba wa mume wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakatazamana. Akimwona kwa mbali anakuja, mwanamke huacha njia akapita migombani. Jina la baba mkwe halitaji. Wazee huiita desturi hii *ukutila*, yaani kuogopa. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza. Ukienda Makandana unaweza kumkuta mtu na mkwe wake wamebanana kwenye bajaji moja na hakuna anayeshangaa. Lakini huyu wangu alilelewa na bibi yake, akaja na desturi hiyo kamili, kama wengine wanavyokuja na vyombo vya ndani. Mke wangu alimwambia hapa kwetu si lazima. Akasema yeye ndivyo alivyozoea. Nami, kusema kweli, nilijisikia vizuri kuheshimiwa namna hiyo.

Kwa hiyo tuligawana siku. Asubuhi kompyuta ilikuwa yake, alasiri ilikuwa yangu. Saa sita akiondoka hutundika ufunguo wa ghala kwa jirani, nami huuchukua baada ya chakula. Mambo ya kazi tuliandikiana kwenye faili moja tuliloliita ujumbe.

"Shikamoo baba. Printa inavuta karatasi mbili mbili."

"Marahaba mwanangu. Karatasi zina unyevu. Zipepee kwanza."

"Nimezipepea. Sasa inavuta tatu."

Nilicheka peke yangu ghalani, mvua ikipiga bati. Katika miaka minne ya yeye kuwa nyumbani kwangu, huo ndio ulikuwa utani wake wa kwanza kwangu.

Kila mmoja alikuwa na jina lake la kuingilia. Yeye aliingia kama karani, mimi kama fundi. Sikutumia jina langu halisi, maana angelazimika kuliandika. Katika mfumo ule kila mtumiaji ana sehemu yake ya kuweka mafaili, na sehemu hiyo inaitwa nyumbani. Nyumbani kwa mtu huingii mpaka akuruhusu. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza niliona kwamba watu walioutunga, popote walipo, wangesikilizana na bibi yake mkwe wangu. Lakini yupo mtumiaji mmoja aliye juu ya wote, anayefungua kila mlango bila kuomba. Nenosiri la huyo mkubwa nilikuwa nalo mimi peke yangu.

Jumatano hiyo nilikuta ujumbe huu:

"Shikamoo baba. Ratiba ya kuvuna nimeimaliza na nimeihakiki. Ila folda ya kuchapishia inakataa kuipokea, inasema sina ruhusa. Nimeiacha nyumbani kwangu. Kesho asubuhi msimamizi wa mavuno anaitaka kabla hajaenda mashambani."

Ratiba ndiyo roho ya kikundi. Lori la mnunuzi halizunguki kwa wote kwa siku moja. Leo linapita Matwebe, kesho kutwa linapita Kawetele, na mkulima huvuna siku ile tu ambayo lori litampitia. Parachichi likiwa mtini linasubiri wiki kadhaa. Likishachumwa halirudi.

Fundi mwingine yeyote angemwita mwenye jina akamwambia: njoo, weka nenosiri lako, nionyeshe inavyokataa. Mimi nisingeweza kumwita akakaa mbele yangu. Ningeweza kungoja asubuhi na kumtuma mke wangu akae naye wakati mimi nimesimama nje nikielekeza kupitia dirishani. Niliwaza hivyo. Nikaona ni usumbufu. Nikaona njia fupi ni mimi mwenyewe kuwa yeye kwa dakika chache, nione anachokiona.

Amri ya kubadili mtumiaji ina herufi mbili tu, *su*. Kazi zangu zote huzifanya ndani ya programu moja ya kuandikia, na ndani ya programu hiyo mna dirisha la kutolea amri, ili mtu asitoketoke. Dirisha hilo linaigiza tu lile la kweli. Nilipoandika *su* lilinijibu kwamba amri hiyo hutolewa kwenye dirisha halisi. Nikajaribu *sudo*, ambayo humwazima mtu madaraka ya mkubwa kwa amri moja. Nayo ikalalamika kwamba haina mahali pa kuulizia nenosiri. Hapo mtu mwenye akili zake angefunga ile programu akafungua dirisha halisi. Mimi nilichukua kitabu. Kukataliwa na mashine ni kitu ambacho sijawahi kukivumilia.

Kitabu kilisema programu ile ina dirisha la pili la amri, ambamo *su* haipelekwi nje. Programu yenyewe huishika na kukuhamisha. Nikalifungua. Nikaandika *su*, likaniomba nenosiri la mkubwa, nikawa mkubwa. Na kwa kuwa mkubwa haulizwi nenosiri na mtu, nikaandika tena kuomba kuwa karani, na papo hapo nikawa karani. Nilifurahi sana. Naikumbuka furaha hiyo kwa aibu.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Mimi ndiye niliyegusa ile folda ya kuchapishia wiki iliyotangulia, na tangu hapo ilinijua mimi tu. Nikairekebisha. Nikafungua ratiba ya mkwe kuona kama inafunguka, ilifunguka. Nikalifunga dirisha la amri, nikaamini kwamba nimetoka, kama mtu anavyotoka chumbani na kurudisha mlango.

Ila kwenye programu ile, dirisha jipya la amri huanzia pale ulipo. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya ratiba ya mkwe, ambayo nilikuwa nimeifungua kwa jina lake. Nilipofungua dirisha jipya, lilifunguka nyumbani kwake, na mimi bado ni karani. Hapakuwa na alama yoyote ya kunionya zaidi ya maandishi membamba pembeni ambayo macho yangu yalikuwa yameshayazoea. Nikataka kujaribu ile folda kwa faili lisilo na thamani. Nikachagua ratiba ya msimu uliopita. Nikaamuru: nakili hapa, nikidhani hapa ni nyumbani kwangu.

Kulikuwa na kanuni niliyoiweka mimi, kwamba kila ratiba iitwe ratiba tu, bila kubadili jina, msimu ujulikane kwa folda. Ratiba ya zamani ikakaa juu ya mpya, jina kwa jina. Mashine haikuniuliza. Mwenye nyumba akihamisha vyombo vyake haulizwi. Nikamaliza jaribio langu, nikafagia folda ya kuchapishia, nikamwandikia: "Marahaba mwanangu. Imekubali. Ichapishe." Saa kumi nilikuwa barabarani naelekea nyumbani, nimeridhika.

Alhamisi asubuhi aliichapisha. Watu wamemuuliza mara nyingi kwa nini hakuisoma tena. Majina ni yale yale misimu yote, kurasa nne, yanayobadilika ni siku tu. Na alikuwa ameshaihakiki Jumatano, na fundi alikuwa amemwandikia kwamba iko sawa.

Ijumaa lori lilikuja Matwebe, zamu ya Matwebe, likakuta hakuna aliyevuna. Dereva akasubiri kidogo, akapiga simu zake, akaondoka. Wakati huohuo watu wa Kawetele walikuwa wamepanga kreti zao kando ya barabara tangu alfajiri, wamezifunika majani ya migomba kwa ajili ya mvua, wakingoja lori ambalo halikuwa lao. Waliambiwa litarudi wiki inayofuata.

Jumamosi tulikaa kikao ghalani. Mke wa mwanangu hakuingia, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Aliketi nje, nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye kreti iliyopinduliwa, kanga kichwani. Mama mmoja mjumbe alikaa mlangoni akipokea maneno yake na kuyaingiza ndani.

Mwenyekiti ni mtu wa rika langu; tulichunga ng'ombe pamoja. Aliuliza: "Karani, ratiba hii umeitoa wapi?"

Mama wa mlangoni aliinama nje, akasikiliza. "Anasema ameitoa kwenye kompyuta, pale pale alipoiacha."

"Zangu zimelainika mpaka kuku wanazidonoa," alisema baba mmoja wa Kawetele.

"Wako wanadonoa? Una bahati. Wangu wananiangalia tu, wanasema tumeshiba," alijibu mwenzake.

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, na kilipokwisha wote wakanigeukia mimi.

"Fundi," mwenyekiti alisema, "wewe ndiye unayesikilizana na hiyo mashine. Nani aliibadili?"

Nilikuwa nimeshatazama kabla ya kikao, maana nisingekwenda mikono mitupu. Nikasimama. "Mashine inaonyesha karani. Jumatano, saa tisa na dakika arobaini na moja."

"Haiwezi kukosea?"

"Mashine haina rafiki. Inaandika kilichotendeka."

Ndivyo nilivyosema. Jina nilikuwa nimelisoma kwa makini, lakini saa niliisoma kama mtu anavyosoma tarehe ya gazeti la kufungia maandazi. Watu wa kikao hawakujua kwamba asubuhi ni zake na alasiri ni zangu. Hilo lilikuwa jambo la nyumbani kwetu. Alilijua yeye kule nyuma ya ukuta, na alinisikia nikiitamka saa hiyo kwa sauti ya kupimwa, mbele ya wote. Kulikuwa na ubao wa unene wa kidole kati yetu. Hakumwita mama wa mlangoni.

Kikao kikaamua karani asimamishwe kazi, na Jumamosi inayofuata achaguliwe mwingine. Palikuwa tayari na mtu anamtaja binti yake aliyemaliza kidato cha nne.

Jumapili baada ya ibada mke wangu aliweka chakula mezani, halafu hakukaa. Alitoa kitu kwenye pindo la kanga, akakiweka karibu na sahani yangu. Ulikuwa ufunguo wa ghala.

"Mkwe wako amekurudishia."

"Amesema nini?"

"Amesema upewe."

"Hajasema kitu kingine?"

"Ulitaka aseme nini, mzee? Wewe umemuuliza nini?"

"Mimi namuulizaje? Unajua siwezi kumuuliza."

"Ndiyo. Kumuuliza huwezi, ni heshima. Kumhukumu uliweza."

Nikamwambia sikumhukumu, nilisoma tu kilichoandikwa. Akaniuliza ni kitu gani hicho kilichoandikwa. Nikamtajia: karani, Jumatano, saa tisa na dakika arobaini na moja.

"Za usiku?"

"Za alasiri."

Akashika kiuno. "Mzee. Alasiri mkwe wako huwa wapi?"

Alasiri mkwe wangu huwa shambani kwetu, hatua chache kutoka jikoni, anapalilia magimbi, na mke wangu humwona. Kijiko kilibaki mkononi mwangu. Nilifikiria kueleza, na kila maelezo niliyoyashika yalinirudisha kwenye kiti kile cha ghalani, ambacho saa hiyo nilikuwa nimekikalia mimi.

Jumatatu nilikwenda mapema. Nilifanya kazi hiyo kama ninavyofanya zote, polepole. Iko amri ya kuiuliza mashine: mimi ni nani? Niliiandika kwanza kwenye dirisha halisi, nje ya programu. Ikajibu: fundi. Nikaingia kwenye programu, nikawa karani kwa njia ileile, nikafungua ratiba, nikafunga dirisha la amri, nikafungua jingine. Nikauliza: mimi ni nani?

Ikajibu: karani.

Nikafunga kila kitu, nikarudia kutoka mwanzo, kwa sababu sijawahi kuamini jambo kwa kuliona mara moja. Ikajibu vilevile. Sikurudia mara ya tatu. Nilikaa pale nikilitazama jina lake kwenye kioo, limeandikwa kama jibu la swali langu, na nilihisi kile ambacho ningehisi kama ningejikuta nimeketi kitandani kwake na watu wanagonga mlango.

Maana, tukiacha ratiba, hilo ndilo nililokuwa nimelifanya. Mtu ambaye huniachia njia nzima na kupita migombani ili nisimsogelee, nilikuwa nimefungua nyumba yake kwa ufunguo wa mkubwa, nimekanyaga ndani, nimeharibu kazi yake, kisha nimetoka nje na kuwaambia watu kwamba aliyeharibu ni yeye.

Jumanne nilimfuata mwenyekiti shambani kwake, nikamweleza. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta panga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu anajua nusu."

"Basi tuseme virusi."

"Mfumo ule haupati virusi kirahisi."

"Nani Matwebe atakubishia?" Akafikiri. "Haya, umeme. Tuseme umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukachanganya karatasi. Umeme hauna mtu wa kuutetea."

"Na karani?"

"Karani anarudi kazini. Si ndicho unachotaka? Mkwe wako anapata kazi yake, wewe unabaki fundi, umeme unatukanwa kama kawaida." Akaniangalia. "Mwenzangu, ukisimama mbele ya wazee ukasema uliingia kwa mkwe wako, hakuna atakayesikia neno kompyuta."

Nilirudi nyumbani na umeme huo kichwani, na siku tatu nilikaa nao. Sitaki kuficha kwamba uliniingia moyoni. Ulimrudishia yeye kazi na kuniachia mimi jina langu. Nilijaribu kuupima kama ninavyopima vitu, na kila nilipoupima niliona una kasoro moja: yeye angejua. Angeketi asubuhi kwenye kiti kile, aniandikie "shikamoo baba", na angekuwa anajua. Na asingesema, mpaka mmoja wetu azikwe. Nilikuwa nimeitegemea heshima yake mara moja bila kujua. Sasa nilikuwa natafuta kuitegemea kwa makusudi.

Jumamosi ghala lilijaa kuliko wiki iliyopita. Yeye alikuwa nje, mahali palepale. Niliomba kusema kabla ya agenda. Nikaanza na *su* na *sudo* na dirisha linaloigiza, na kwenye nyuso zao nikaona ukungu. Yule baba wa Kawetele akasema: "Fundi, sisi tulikuja kuuliza parachichi. Hiyo su ni mnunuzi mpya?"

Nikaacha. Nikasema hivi: "Katika kompyuta, karani ana nyumba yake. Mimi nina ufunguo wa nyumba zote. Jumatano niliingia nyumbani kwake bila hodi, nikiwa nimevaa jina lake. Nikaweka ratiba ya zamani juu ya ile aliyoitengeneza. Nikaondoka nikidhani niko kwangu. Jumamosi nikawaambia ni yeye. Ni mimi."

Kisha bibi mmoja aliyekaa kwenye magunia akapiga makofi mara moja. "Ee tata! Kumbe hiyo mashine ina nyumba ya mkwe ndani yake, na watu wazima mnaingia humo mchana kweupe!"

"Na nguo za mkwe amevaa!" akaongeza mwingine.

Walicheka sana, safari hii kweli, mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi nilisimama tu. Mzee mmoja hakucheka. Alisema taratibu kwamba zamani mtu akifanya hivyo hutoa ng'ombe, na yeye haoni kompyuta imebadili nini hapo. Nikasema nitatoa, na hasara ya watu wa Kawetele nitailipa kwa mavuno yangu.

Mwenyekiti akamgeukia mama wa mlangoni. "Karani anasemaje?"

Yule mama akainama nje. Akakaa huko kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Anasema kazi atarudi. Anasema ng'ombe ni juu ya wazee, yeye hasemi. Ila anaomba kitu kimoja. Ule ufunguo wa nyumba zote, asiwe nao baba."

"Awe nao nani?"

Mama akainama tena. "Anasema aliyeingiliwa."

"Ampe!" walisema wanawake karibu wote kwa pamoja.

Jioni ile nilimwandikia kwenye faili la ujumbe hatua za kubadili nenosiri la mkubwa, moja baada ya nyingine, na chini yake nenosiri lenyewe. Jumatatu alasiri nilikuta amelifuta. Nikajaribu lile la zamani, mara moja tu, ili kuhakikisha kazi imefanyika. Ilikuwa imefanyika. Ng'ombe niliyeahidi, mtamba, nilimtoa wiki iliyofuata. Mke wangu ndiye aliyempeleka, nami nilibaki nyuma ya zizi.

Tangu hapo ninapotaka kugusa kitu cha kikundi ninaomba, naye hunifungulia asubuhi kile nilichoomba, si zaidi. Kazi zangu zinachelewa kwa siku moja. Nimezoea. Ukarani wake na madaraka ya mkubwa wa mashine vimekaa mkononi mwa mtu mmoja, na sijaona kilichoharibika.

Mwisho wa msimu alifungua faili la hasara za kikundi. Kila mjumbe anaweza kulisoma. Wa kuandika humo ni yeye tu. Nililisoma alasiri moja. Kwenye tukio aliandika: ratiba kubadilika. Kwenye sababu aliandika: hitilafu ya kompyuta.

Nikaweka mshale juu ya maneno hayo ili niyafute na kuandika fundi. Mashine ikanijibu kwamba sina ruhusa. Zamani ningechukua kitabu. Nikamwachia ujumbe: "Mwanangu, sababu haikuwa kompyuta. Naomba urekebishe."

Kesho yake alikuwa amejibu: "Shikamoo baba. Printa sasa inavuta karatasi nne."

Hakurekebisha, na mimi siwezi. Ukilifungua faili hilo leo utakuta ameninusuru kwa uongo wake mmoja tu, na chini yake, bila kosa hata la shilingi, kiasi alichokihesabu mwenyewe baada ya maparachichi laini kuuzwa kwa ndoo sokoni Tukuyu. Hasara: shilingi laki tatu na elfu themanini na tano.